Nina raki, nina vitabu, na bado natoa mlio ule ule: nisome nini?

Shikamoo kaka,

Pole na majukumu. Barua itakuwa ndefu kidogo maana hili jambo limenikaa kichwani mda mrefu, na watu nilionao karibu hata ukiwaambia sintesaiza ya moduli (ile mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, ya vipande unavyoviunganisha mwenyewe kwa waya) wanajua unaongelea kinanda, basi mazungumzo yanaishia hapo.

Niko na raki ndogo ya Eurorack, ule mfumo wa moduli za saizi moja. Osileta moja ya analogi (inayotoa wimbi la sauti), filta moja (inayokata sehemu ya wimbi), VCA mbili zilizo kwenye moduli moja (zinapandisha na kushusha sauti kwa volteji), envelopu (inayochora kila noti inavyochomoza na kufifia), LFO (osileta ya polepole ya kutikisa vingine) na kasikwensa ka hatua nane (ka kupanga noti). Nimeikusanya kidogo kidogo, nyingi ni za mkono wa pili, na naipenda kweli, yaani jioni kitu cha kwanza ni kuwasha nione taa zinavyopepesa. Shida ni kwamba sielewi ninachofanya. Video naangalia sana. Jamaa anachomeka waya hapa, anachomeka pale, anazungusha kitufe, muziki unatoka mtamu balaa, na mimi namfuata waya kwa waya na kweli kwangu unatoka vile vile, halafu nikichomoa zile waya nianze mwenyewe hamna kitu. Narudi kwenye pyuu pyuu pyuu yangu: sikwensa inaingia osileta, osileta inaingia filta, filta inaingia VCA, envelopu inafungua vyote viwili, kwisha habari.

Nikaona nitafute vitabu. Nikanunua kile kinene cha elektroniki ambacho mainjinia wanakisifia kila mahali, nikajiambia si ni analogi, basi nianzie kwenye mizizi. Nilifika kwenye transista nikazama hapo hapo, mahesabu yakanishinda, na hata zile kurasa nilizoelewa sioni zinanisaidiaje nikikaa mbele ya raki. Kingine ni kitabu cha picha za sintesaiza za zamani, kizuri sana kukitazama, ila nikikifunga ninachobaki nacho ni tamaa ya mashine ambazo sitakaa nizimiliki.

Kuna na hili linalonichanganya zaidi. Sehemu moja nasoma kwamba sauti inatengenezwa kwa kuanza na wimbi lenye makelele mengi afu filta inapunguza. Sehemu nyingine mtu anaandika filta hata haihitajiki, unaanza na wimbi laini kabisa afu unalikunja. Wote wanaongea kwa uhakika kama wameshuhudia uumbaji. Sasa nimwamini nani?

Nyumbani nako mwenzangu amenikalia kooni. Anasema kila nikikwama nanunua moduli nyingine badala ya kujifunza nilizonazo. Juzi alinikuta natazama osileta ya pili mtandaoni, hakusema kitu, akanyamaza tu, na ule ukimya kaka unaujua. Nikamwahidi safari hii natafuta kitabu. Rafiki yangu mmoja naye anasema vitabu ni kupoteza mda, haya mambo yanajifunzwa kwa masikio, tena vitabu vyenyewe vingi ni vya miaka ya sabini huko na teknolojia imeshahama.

Naomba unielekeze. Nianze na kipi, hivyo vya zamani vina maana bado, na je ni lazima nijue hesabu na umeme? Halafu vyote naviona ni vya Kiingereza na Kiingereza changu ni cha kawaida tu.

Ni mimi,
Kichwa Kimejaa Waya

---

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na huyo mwenzako kabla hajachoka: ana haki. Osileta ya pili iache kwanza, nitakuonyesha hapo mbele jinsi ya kuipata bila kununua chochote. Rafiki yako wa masikio ana nusu ya haki. Masikio ndio yanayoamua mwishoni, sawa, lakini masikio hayakuambii kwa nini sauti imebadilika, na wewe ulichokosa ni hiyo "kwa nini". Ndio maana video zinakupa pachi nzuri, yaani mpangilio wa waya, na ukichomoa waya zinaondoka na elimu yake.

Vitabu vyako viwili ni vizuri, ila hakuna hata kimoja kilichoandikwa kujibu swali lako. Kile kinene kinamfundisha mtu anayetaka kubuni saketi. Kukitumia kujifunza kupachi ni kama mtu anataka kujua kuendesha gari umpe kitabu cha kufungua injini, atajua mengi na gari halitatoka getini. Cha picha nacho ni cha kukuburudisha. Wewe unahitaji kitabu cha mpigaji, kinachokuambia volteji hii ukiipeleka pale itafanya nini kwa sauti na kwa nini. Vipo, ila vingi havikai mbele dukani maana ni vikongwe.

Kwa mtu wa hali yako cha kwanza ninachotaja hata sio kitabu cha dukani, ni manual, kile kijitabu cha maelekezo ya mashine. Manual ya ARP 2600, ile ya 1971, aliiandika Jim Michmerhuizen. Najua unajiuliza mimi sina ARP 2600 manual yake ya nini, subiri kidogo. Hiyo ilikuwa sintesaiza ya kubebeka, nusu moduli, yaani ndani kuna osileta tatu, filta, VCA, envelopu mbili, noizi, ringi modyuleta, na kifaa cha kunasa volteji na kuishikilia, vyote vimeshaunganishwa kwa ndani ila ukichomeka waya unauvunja ule muunganiko unaweka wako. ARP walikuwa wanailenga sana kwa mashule, hata michoro ya njia za sauti wameichapa juu ya uso wa mashine ili mwanafunzi aone kinachokwenda wapi. (Sauti ya yule roboti mdogo R2-D2 kwenye Star Wars ilitengenezwa kwa kuchanganya mashine hiyo hiyo na sauti ya mtu mwenyewe, Ben Burtt, kama unahitaji sababu ya kuiheshimu.) Sasa manual ya mashine ya wanafunzi ilibidi iandikwe kwa mtu asiyejua kitu, kwa hiyo inaanza na sauti ni nini, inaingia kwenye mawimbi, inakupeleka moduli moja baada ya nyingine bila kukudharau na bila kukuzika kwenye mahesabu. Skani zake za PDF zimejaa mtandaoni. Na karibu kila kitu kilichomo kina mwenzake kwenye raki yako.

Ila usiisome kitandani. Haya maandishi ukiyasoma bila waya mkononi yanapita tu, asubuhi hukumbuki. Soma aya moja, simama, pachi kile kilichosemwa, na kabla hujapandisha sauti jiambie mwenyewe kwa mdomo unategemea kusikia nini. Ukisikia kingine, usigeuze vitufe ovyo, badilisha waya mmoja tu usikilize tena. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza mda wao, wanabadilisha vitu vinne kwa mpigo halafu sauti ikipendeza hawajui ni kipi kimeleta.

Nikupe mfano mmoja ujue namaanisha nini. Chukua LFO yako, ipitishe kwenye atenueta (kitufe cha kupunguza volteji), ipeleke kwenye pichi ya osileta, yaani ujuu wa noti yake. Kasi iwe kama mara tano au sita kwa sekunde, kiasi kidogo sana. Utapata vibrato, ile ya mwimbaji akishika noti ndefu. Ongeza kiasi, inakuwa king'ora. Mpaka hapo kila mtu anajua. Sasa anza kuongeza kasi ya LFO taratibu. Kuna mahali, karibu na mara ishirini kwa sekunde hivi na kwenda juu, sikio linaacha kusikia kupanda na kushuka. Linashindwa kufuata. Badala yake sauti yenyewe inageuka rangi, inakuwa ya chuma chuma, kama kengele, kama bati. Waya ni ule ule, soketi ni zile zile. Ukilielewa hili tukio moja kwa kichwa na kwa sikio, umeelewa kitu ambacho video mia hazijakuambia: kwenye moduli hamna aina mbili za umeme, eti huu wa sauti na huu wa kuamrisha. Ni volteji tu, kinachotofautiana ni kasi yake na wapi umeichomeka.

Fanya tena kitu hicho hicho ila sasa LFO ipeleke kwenye VCA badala ya pichi. Polepole inakuwa tremolo, sauti inapanda na kuzama. Ipeleke kasi ya juu na noti mpya zinazaliwa ambazo hukuzipiga: osileta ikiwa kwenye 1000 Hz (mara 1000 kwa sekunde) na kinachoiamrisha VCA kiko 300 Hz, ukisikiliza vizuri utapata 1000, na 700, na 1300. Kujumlisha na kutoa. Ukiondoa ile 1000 ya katikati ukabaki na hizo za pembeni, basi umeshaifikia ringi modyuleta bila mtu kukufundisha.

Kama LFO yako haifiki kasi hizo, na nyingi hazifiki, hapa ndipo osileta ya pili inapoingia bure. Pakua VCV Rack, ni programu ya kompyuta, toleo la bure linakutosha kabisa. Ilitoka 2017 na ni raki nzima ya moduli kwenye skrini, unavuta waya kwa mausi. Tumia hiyo kila kitabu kinapotaka moduli usiyo nayo. Wako watu wanaidharau eti sio analogi, waache, wewe unajifunza mantiki ya waya na mantiki ni moja. Ikifika mda ukaona kuna moduli umeitumia kwenye kompyuta mpaka huwezi kuishi bila hiyo, hapo nenda kamwambie mwenzako, utakuwa na hoja.

Na hiyo pyuu pyuu yako tuimalize kabisa. Mlio ni ule ule kwa sababu envelopu inafungua filta kwa kiasi kile kile kila noti, noti ya kwanza mpaka ya nane zote zinatamka silabi moja. Na nina uhakika VCA ya pili imekaa bure hapo. Gawa envelopu yako mara mbili: tawi moja liende VCA ya kwanza kama kawaida, tawi la pili liingie kwenye soketi ya kuingizia ya VCA ya pili, na kinachotoka hapo ndio kiende kwenye filta. Halafu LFO, polepole sana, mzunguko mmoja kwa sekunde kumi hivi, iamrishe hiyo VCA ya pili. (Angalia manual yake iseme inapitisha volteji ya DC, yaani ile iliyotulia au inayokwenda polepole, zipo ambazo ni za sauti tu.) Sasa filta inafunguka sana kwenye noti hii, kidogo kwenye ile, na ndani ya sekunde kumi kasikwensa kako ka hatua nane kanaanza kusikika kama kana mawazo yake. Hiyo kazi ya VCA, kupima volteji kwa volteji nyingine, ndio watu wa moduli wanapotaniana kwamba VCA hazijawahi kuzidi. Wengi wanaitumia kama kitufe cha sauti tu.

Ukimaliza manual hiyo, kitabu chenyewe sasa. Electronic Music: Systems, Techniques, and Controls, cha Allen Strange. Toleo la kwanza ni 1972, la pili 1983, na la pili ndilo la kutafuta. Strange alikuwa mwalimu wa muziki pale San José State huko California, na unaona kabisa ni mtu aliyejibu maswali ya wanafunzi mpaka akajua watakwama wapi. Anachukua vyombo vya makampuni mbalimbali, Moog, Buchla, ARP na wengine, anakuonyesha kazi iliyo nyuma ya majina yao, kwa hiyo hakufungi kwenye mashine moja. Kwa miaka mingi kilipotea madukani, nakala za mkono wa pili zikawa zinauzwa kwa bei ya matusi, ila miaka ya karibuni kimechapwa tena. Sio chepesi. Kuna kurasa utazisoma mara tatu. Lakini ndicho kitabu ambacho vitabu vingine vya moduli vinakirejea, na ukikiingia ukiwa umeshafanya ile manual utakiweza.

Hapo nijibu na habari ya uzee. Rafiki yako anasema teknolojia imehama, na kuna sehemu kweli imehama, sura za kukata na kuunga tepu zisome kama hadithi. Ila volti moja ya 1972 ndio volti moja ya leo. Eurorack yenyewe ilianzishwa na Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990 na ikachukua utaratibu ule ule wa volti moja kwa oktavu ambao Moog alikuwa anautumia tangu miaka ya sitini. Mimi naona hata vya zamani vina faida moja kubwa, waliandika wakati hamna video, hamna skrini kwenye moduli, hamna moduli inayofanya kila kitu yenyewe, kwa hiyo ilibidi waeleze. Kitu ambacho havitakusaidia ni moduli za kisasa za kidijitali zenye menyu ndani ya menyu. Hizo soma manual yake, na nyingine hata manual yenyewe haikusaidii, hiyo tuiache.

Kama unataka kitu cha bure ukiwa unasubiri kitabu, tafuta Synth Secrets ya Gordon Reid. Ni mfululizo wa makala aliouandika kwenye jarida la Uingereza la Sound on Sound kuanzia 1999 hadi 2004, sehemu 63, na jarida wameuweka wazi kwenye tovuti yao. Zile za mwanzo, za hamoniki (vile visauti vya juu vilivyo ndani ya sauti moja), filta, envelopu, ni dhahabu, zisome zote kwa mpangilio. Kuanzia katikati anaingia kwenye kuiga vyombo, tarumbeta inatengenezwaje, ngoma, matoazi, nyuzi za kusuguliwa. Huko chagua unachokitaka. Mimi binafsi zile za matoazi ndizo zilinifanya niheshimu tatizo lenyewe, maana unaona jinsi kitu kinachogongwa sekunde moja kinavyohitaji osileta nyingi kiasi cha kukatisha tamaa.

Sasa ile kesi ya filta na kukunja mawimbi. Wote wakweli. Ni koo mbili. Robert Moog alikuwa upande wa New York, na Don Buchla upande wa San Francisco, na wote wawili walianza katikati ya miaka ya sitini karibu wakati mmoja. Mashine za Moog zikakubali kinanda cha kawaida, na mtindo wake ukawa huo uliousoma kwanza: chukua wimbi la msumeno lililojaa hamoniki, filta ikate, envelopu iongoze. Buchla alikuwa anawajengea watunzi kina Morton Subotnick na Ramon Sender pale San Francisco Tape Music Center, na kinanda cheusi na cheupe hakukitaka, akaweka vibao vya kugusa. Kwake mambo yalikwenda kinyume: anza na wimbi la sain lisilo na kitu, likunje au lipigishe na osileta nyingine mpaka hamoniki zizaliwe, halafu lipitishe kwenye geti linalopunguza ukali na sauti kwa pamoja. Hata volteji hawakukubaliana, mifumo ya Buchla ya baadaye inatumia volti 1.2 kwa oktavu. Leo kwenye raki moja ya Eurorack unakuta moduli ya ukoo huu na ya ukoo ule zimekaa jirani, na mwandishi wa makala hakuambii yeye ni wa upande gani, ndio maana ukachanganyikiwa. Ukitaka hadithi nzima soma Analog Days ya Trevor Pinch na Frank Trocco, 2002. Hicho hakikufundishi kupachi hata waya mmoja, ila ni kitabu kitamu, hicho sasa ndicho cha kitandani.

Cha kisasa kinachotajwa sana ni Patch & Tweak cha Kim Bjørn na Chris Meyer, cha 2018. Kikubwa, kinavutia, kimepanga moduli kwa aina, kina mahojiano na wapigaji, na zile sehemu za kueleza kila aina ya moduli inafanya nini zimeandikwa vizuri kweli. Kwa mtu mwingine ningekiweka cha kwanza. Kwako wewe hapana, angalau sio sasa, kwa sababu kila ukurasa una picha za moduli halisi zinang'aa, na mtu mwenye ugonjwa wako ukimpa kitabu hicho atakirudisha na orodha ya manunuzi. Kinunue baada ya Strange. Au mwachie mwenzako akufichie.

Hesabu. Kiasi unachohitaji ni hiki: kila volti moja ikiongezeka kasi ya osileta inazidi mara mbili. Kama iko 110 Hz, ongeza volti moja ni 220, ongeza nyingine ni 440. Oktavu ina nusu toni kumi na mbili, kwa hiyo gawanya volti moja kwa kumi na mbili, nusu toni moja ni kama milivolti 83. Ndio maana sikwensa yako inachukiza kuituni kwa mkono, kitufe kinachotoka sifuri mpaka volti tano kina nusu toni sitini ndani yake, ukikohoa tu umepita. Zaidi ya hapo ni kujumlisha na kutoa kama ile mifano ya juu.

Umeme nao, usiuguse mpaka siku utakayotaka kujenga mwenyewe. Siku hiyo tafuta Handmade Electronic Music cha Nicolas Collins kama unataka kucheza cheza na kuunguza vidole kwa furaha, au Make: Analog Synthesizers cha Ray Wilson, 2013, kama unataka kutoka na sintesaiza kamili. Kile kinene chako kitakuwa na kazi baada ya hapo. Isipokuwa jambo moja la umeme unatakiwa ulijue leo hii hii: ule utepe wa waya unaopeleka moto kwenye moduli, mstari wake mwekundu ni upande wa volti 12 hasi. Wewe unanunua za mkono wa pili, waya zimeshachomolewa na watu wengine, kwa hiyo usiamini mkao uliokuja nao. Zima raki, tafuta alama kwenye bodi au kwenye manual ya hiyo moduli, hakikisha, ndipo uchomeke. Ukigeuza na moduli haina kinga inakufa, na harufu yake utaikumbuka.

Kiingereza kisikutishe. Vitabu hivi vimejaa michoro, na mchoro wa pachi ni viboksi na mistari. Anza na mchoro, upachi, usikilize, halafu ndio urudi kwenye aya inayoueleza, utashangaa sentensi ngumu inavyofunguka ukiwa umeshasikia inachosema. Uwe na daftari. Chora pachi yako kwa mkono, viboksi tu, na pembeni andika kwa lugha yako ulitegemea nini na umesikia nini.

Anza na hiyo manual wiki hii. Ukifika sehemu ya filta ukakwama niandikie tena, ila nitumie huo mchoro wa daftari. Picha ya raki na waya zake zote zimerundikana sitaki, hata mimi sitaona kitu.